Soko, Serikali na Gharama ya Ugonjwa: Historia ya Bima ya Afya Tanzania

Utangulizi

Lugha yetu ina maneno mengi yaliyokuja kwa njia ya bahari, na neno bima ni mojawapo. Asili yake ni Uajemi na Bara Hindi, na kwa muda mrefu lilibaki kuwa neno la maofisini na bandarini: bima ya shehena, bima ya nyumba, bima ya gari. Mkulima wa jembe la mkono hakuwa na haja nalo. Leo neno hilo limefika hadi kwenye dirisha la zahanati ya kijiji, ambako mama mwenye mtoto mgonjwa huulizwa kwanza kama anayo kadi.

Katika makala haya tumekusudia kueleza neno hilo lilifikaje huko, na kwa nini kufika kwake kumezusha ubishi mkubwa katika nchi yetu. Ubishi wenyewe waweza kuelezwa kwa maneno machache. Gharama ya ugonjwa ibebwe na nani? Wako wasemao kwamba tiba ni huduma kama huduma nyingine, basi waachiwe wenye kampuni na wenye hospitali washindane, na mnunuzi achague. Wako wasemao kwamba ugonjwa hauna mnunuzi wala mchaguzi, kwa hiyo jambo hili ni la serikali. Taifa letu limejaribu njia zote mbili katika umri wa mtu mmoja. Basi tunayo historia ya kutosha kutufundisha, ikiwa tutaisoma bila ushabiki.

Desturi za Wazee

Yafaa tuanze kwa kusahihisha dhana moja. Husemwa mara nyingi kwamba zamani matibabu yalikuwa bure. Sivyo. Mganga alilipwa. Palikuwa na kifungua mkoba, yaani ada ya kwanza kabla dawa haijatolewa, na palikuwa na malipo ya mwisho mgonjwa alipopona: kuku, mbuzi au nguo, kwa kadiri ya desturi za mahali na uzito wa maradhi. Lililowatofautisha wazee wetu na mnunuzi wa dukani ni mlipaji. Mgonjwa hakuachwa alipe peke yake. Ukoo ulikutana, mwenye mbuzi akatoa mbuzi, asiye na mbuzi akatoa nguvu zake katika shamba la mgonjwa.

Desturi hii ilikuwa ndugu wa ujima, wa msaragambo na wa vyama vya kuzikana ambavyo vingali hai mijini na vijijini hata leo. Katika vyama hivyo mna kanuni mbili zinazofaa kukumbukwa. Ya kwanza, kila mkazi huingia. Hangoji msiba ubishe hodi ndipo aanze kuchanga. Ya pili, aliyefiwa mara mbili haambiwi kwamba amekuwa hasara kwa chama. Hata hivyo mfuko wa ukoo ulikuwa mdogo. Ukame au tauni ilipowapiga wote kwa wakati mmoja, mchangaji na mchangiwa wakawa na njaa moja. Kwa hiyo wazee walikuwa na kanuni iliyo njema, ila hawakuwa na upana wa kuitimiza.

Yaliyobaki Ulaya

Mwaka 1883, chini ya Bismarck, Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wake: mfanyakazi akachanga theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1885, Ujerumani hiyo hiyo ilitangaza ulinzi wake juu ya sehemu kubwa ya nchi hii. Ilileta bendera, kodi ya kichwa na kazi ya kulazimishwa, lakini haikuleta mfuko wa ugonjwa kwa mchukuzi wala kwa kibarua wa mkonge. Mwaka 1897 Dar es Salaam ilipata hospitali mbili zenye kusimulia hali ilivyokuwa. Moja, ya Ocean Road, ilikuwa ya Wazungu. Nyingine, iliyowapokea Waafrika na Waasia, ilijengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji na ikaitwa kwa jina lake.

Mwingereza naye hakutofautiana sana. Mwaka 1948 alianzisha kwao huduma ya afya ya taifa, iliyomtibu kila mtu bila ya kumdai fedha kitandani. Aliitawala Tanganyika kwa miaka mingine 13 tangu hapo, lakini huduma hiyo haikuvuka bahari. Basi, watawala wote wawili walijua namna ya kugawana gharama ya ugonjwa. Waliigawana wao kwa wao.

Miaka ya Azimio

Baada ya Uhuru swali likawa letu. Mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss wa London na wenzake walitoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika, wakasisitiza vituo vya afya vya vijijini badala ya kumaliza fedha katika hospitali kubwa za mijini. Titmuss huyo huyo, mwaka 1970, aliandika kitabu mashuhuri juu ya damu ya hospitali, akalinganisha nchi ambako damu huuzwa na nchi ambako hutolewa kwa hiari, akaonyesha kwamba damu ya kununuliwa ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa muuzaji mwenye shida ana sababu ya kuficha maradhi yake. Tutairudia hoja hii, maana inagusa kiini cha mambo.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na biashara ya bima nayo ikawa ya Shirika la Bima la Taifa peke yake. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa TANU uliamua kwamba maji, elimu na afya ya vijijini vitangulizwe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, vyandarua vikazungumzwa barazani. Zahanati na vituo vya afya vikaongezeka mwaka hata mwaka, na katika nyumba za serikali mgonjwa hakutozwa ada.

Kilele cha njia hiyo kilikuwa sheria ya hospitali za binafsi ya mwaka 1977, iliyopiga marufuku utabibu wa kutafuta faida. Mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea, na baadhi ya hospitali zake zilikwisha kuwa hospitali teule za wilaya, zikipokea ruzuku ya serikali na kumtibu yeyote. Wako wanaoitazama sheria hiyo leo kama wivu wa kisiasa. Haikuwa hivyo tu. Waganga walikuwa wachache mno, na kila mmoja aliyefungua chumba chake mjini alipungua katika hospitali ya mkoa. Serikali iliona kwamba soko huwapeleka waganga kwenye fedha, na fedha haikuwa Nachingwea wala Kibondo.

Dhiki na Kurudi kwa Ada

Lakini ahadi hutunzwa kwa hazina. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba ya fedha za kigeni. Dawa zikaadimika. Toka mwaka 1983 hivi, kwa msaada wa Denmark, zahanati zilianza kupelekewa makasha ya dawa muhimu yaliyofungwa kwa lakiri, na kasha lilipokwisha kabla ya mwezi kwisha, mganga alibaki na kipimo chake na maneno ya kufariji. Tiba ikawa bure katika maandishi, na mgonjwa akatumwa kutafuta sindano na dawa kwa njia aijuayo mwenyewe. Huo nao ulikuwa soko, tena soko baya kuliko lote, kwa kuwa lilikuwa la gizani na halikuwa na bei wala msimamizi.

Mwaka 1986 nchi ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa andiko lililozishauri nchi maskini kutoza ada, kuhimiza bima na kuwapa nafasi watoaji binafsi. Mwaka 1991 sheria ya 1977 ilirekebishwa na utabibu wa faida ukarudi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali, kwa misamaha ya watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wasiojiweza. Msamaha wa asiyejiweza ulikuwa mgumu kuliko yote kutekelezwa, kwani umri wa mtoto huonekana machoni, lakini umaskini huhitaji shahidi, na shahidi huhitaji barua, na barua huhitaji safari.

Mifuko Miwili

Ada ilipokuwa imewaelemea wengi, ndipo bima ya afya ilipoingia kwa jina lake. Iliingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa wilayani Igunga, mkoa wa Tabora, mwaka 1996, kwa majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi sawa na kile kilichochangwa. Wananchi wakaliita jambo hilo tele kwa tele. Fikra ilikuwa nzuri, kwa kuwa mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka ilhali homa haingoji mavuno. Sheria ya mwaka 2001 ikaueneza mfuko huu katika wilaya nyingine. Lakini kujiunga kulikuwa kwa hiari, na waliojiunga walibaki wachache. Wananchi walitoa sababu zilizo wazi: dawa hazipo, kadi haivuki zahanati moja, fedha zilizochangwa hatuoni zilikokwenda. Mtu halipii ghala tupu mara mbili.

Mlango wa pili ulikuwa wa wenye mishahara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001. Sisi tulio watumishi wa umma tukaanza kukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 3. Wako walionung'unika, lakini hakuna aliyeruhusiwa kutoka, na hapo ndipo ilipo siri ya mfuko huo kusimama. Tarishi na katibu mkuu walikatwa kwa uwiano mmoja, na kadi ikamfaa mwenye mke mgonjwa sawasawa na yule ambaye nyumba yake haikuugua.

Wakati huo huo sheria ya bima ya mwaka 1996 iliondoa ukiritimba wa Shirika la Taifa, na kampuni binafsi zikaanza kuuza bima ya afya, hasa kwa waajiri wa mijini. Basi pakawa na ngazi tatu katika nchi moja: kadi ya kampuni kwa wachache wenye uwezo, kadi ya taifa kwa wenye mshahara, na kadi ya kijiji kwa mkulima aliyeweza. Aliyebaki nje ya ngazi zote tatu alikuwa ndiye mwenye haja zaidi.

Hesabu ya Kijiji

Hapa hapana budi tueleze kwa nini ushindani, uletao nafuu katika bei ya sukari, hauleti nafuu hiyo hiyo katika bima ya ugonjwa. Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 100. Tuseme kila mwaka kaya 10 huugua maradhi ya kugharimu shilingi 300,000 kila moja. Jumla ni shilingi 3,000,000. Wote wakichanga, kila kaya hutoa 30,000 na neno limekwisha. Sasa tuseme kaya 40 za vijana wenye afya zimekataa. Waliobaki 60 watatoa 50,000 kila mmoja. Bei hiyo itawaondoa wengine 30, na 30 watakaobaki watadaiwa 100,000. Mwishowe hubaki wale 10 walio wagonjwa, kila mmoja na 300,000 zake, na mfuko umekufa.

Hesabu hii haijali kama mfuko ni wa kampuni au wa serikali. Ila kampuni iliyo katika ushindani ina lazima ya zaidi: ni lazima iwatafute wale 90 na kuwakwepa wale 10, kwa maana isipofanya hivyo mpinzani wake atafanya. Ndiyo sababu fomu huuliza umri, uzito na maradhi ya zamani. Hatusemi kwamba wenye kampuni ni watu wabaya. Twasema kwamba biashara hufuata faida, na katika bima faida iko kwa mtu asiyeugua. Hapa ndipo hoja ya Titmuss inaporudi: jambo likifanywa bidhaa, kila upande hupata sababu ya kuficha. Mnunuzi huficha maradhi, na muuzaji huficha masharti.

Hata Marekani, nchi iliyoliamini soko kuliko nyingine zote tajiri, ililazimika mwaka 1965 kuanzisha mipango ya serikali kwa wazee na mafukara, maana kampuni hazikuwataka. Mpango wa Rais Clinton wa kutengeneza ushindani wenye kanuni ulianguka mwaka 1994. Sheria ya mwaka 2010, katika vifungu vilivyoanza kutumika mwaka 2014, ndiyo iliyozikataza kampuni kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao. Yaani hata huko soko lilihitaji kushikwa mkono na dola.

Kwetu ushahidi umepatikana katika mfuko wa umma wenyewe. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliandikisha mtoto yule aliyekuwa mgonjwa na kuwaacha wazima, na matumizi yakayapita makusanyo mbali sana, hata mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Mwaka 2019 ulikwisha kuletwa mpango wa vifurushi, ambao bei zake zilipangwa kwa umri na idadi ya watu. Mfuko wa taifa ulilazimika kuvaa nguo za kampuni, kwa kuwa ulikuwa umeingia katika soko la hiari.

Haki ya Kila Upande

Lakini mwandishi wa historia asiwe wakili wa upande mmoja. Soko limetenda mema ambayo hatuwezi kuyakana. Hospitali na maabara za binafsi zilizofunguliwa baada ya 1991 zimepunguza foleni. Mwenye kadi ya taifa huweza kuchagua miongoni mwa vituo vya serikali, vya dini na vya binafsi vilivyosajiliwa. Akitolewa maneno mabaya hapa, huenda pale, na fedha humfuata. Ushindani wa namna hiyo, ambao watoaji hushindana kwa huduma nzuri huku bei ikiwa moja, una manufaa. Tofauti yake na ushindani wa kuchagua watu wazima na kukwepa wagonjwa ni kubwa, na wengi katika ubishi huu huichanganya.

Serikali nayo si malaika. Ndiyo iliyoahidi dawa katika Mfuko wa Afya ya Jamii na mara nyingi isizilete. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amewahi kuonya juu ya nakisi ya Mfuko wa Taifa, juu ya madai ya udanganyifu ya baadhi ya vituo, na juu ya fedha za wanachama zilizokopeshwa kwa miradi ya serikali na kuchelewa kurudi. Mfuko ukiwa mmoja na mwenye mfuko akawa mkopaji, mchangaji hana pa kukimbilia.

Mvutano huu ulionekana waziwazi Machi 2024. Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali za binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama, zikisema bei hizo hazifidii gharama. Kwa siku chache mwenye kadi alikuwa na karatasi mkononi na mlango umefungwa mbele yake, mpaka mazungumzo yalipoifungua milango. Siku hizo zilitufundisha kwamba serikali hata ikiwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, haiwezi kuamuru bei bila ya kujenga hospitali zake zenye kutosha. Na kwamba hospitali binafsi nazo haziwezi kuishi bila ya mchango wa umma.

Sheria ya Mwaka 2023

Muswada wa bima ya afya kwa wote ulisomwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ukaahirishwa, na moja ya maswali yaliyouzuia lilikuwa lile lile la kale: nani atamlipia asiye na kitu? Wakati huo serikali yenyewe ilieleza kwamba wenye bima ya namna yoyote walikuwa kama 15 katika kila Watanzania 100. Mwezi Novemba 2023 Bunge liliupitisha, na sheria ikatiwa sahihi. Inamtaka kila mkazi awe na bima. Inaruhusu skimu za umma na za binafsi chini ya kanuni moja. Na inataja vyanzo vya fedha kwa ajili ya mafukara, kama vile sehemu ya ushuru wa vinywaji, wa vipodozi na wa michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo wazo la hiari limewekwa kando, na soko limeachiwa nafasi lakini limewekewa uzio.

Jirani zetu nao wanatembea njia hiyo. Rwanda, kwa mifuko yake ya jamii iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, imewafikia wananchi wake walio wengi sana kwa kuwalipia mafukara na kuwahimiza wengine wote waingie. Kenya, iliyokuwa na mfuko wa hospitali tangu 1966, iliubadili Oktoba 2024 kwa mfuko mpya wenye makato ya asilimia 2.75 ya mshahara. Zanzibar, iliyotangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi ya 1964, mwaka 2023 iliunda mfuko wake wa huduma za afya.

Tamati

Tumeona basi kwamba historia yetu haikuwa safari ya kutoka gizani kwenda nuruni, wala kinyume chake. Mwaka 1977 tulidhani amri yatosha bila hazina. Mwaka 1993 tulidhani ada yatosha bila mchango. Mwaka 1996 tulidhani hiari yatosha bila dawa. Kila mara lililokosekana ni jambo ambalo wazee wa chama cha kuzikana wanalijua: wote waingie, wote wachange kwa uwezo wao, na daftari lisomwe hadharani.

Hilo la mwisho ndilo linalobaki kutazamwa. Sheria yaweza kumlazimisha mwananchi achange, lakini haiwezi kumlazimisha aamini. Ataamini siku atakapoiona dawa rafuni, atakaposomewa hesabu ya mfuko kijijini kwake kama asomewavyo hesabu ya msiba, na atakapomwona jirani yake aliye fukara akihudumiwa kwa kadi iliyo sawa na yake. Mikutano mikuu ya vijiji ipo, na hukutana kila baada ya miezi mitatu. Yafaa hesabu ya mfuko wa afya iwe ajenda yake ya kudumu, na wananchi waiulize bila ya woga, maana fedha ni zao na ugonjwa pia ni wao.